Nyumba Isiyo na Msumari

Jana nimepita kule juu ya Kangemi, kwa ile nyumba ya mbao nyeusi, nikakuta wanaibomoa. Damu ilinipanda! Si unaikumbuka? Kuta nyeupe, mbao nyeusi zimepita wima, zingine mshazari, paa imechongoka kama kofia. Mzungu alitaka nyumba kama ya kijiji cha kwao Uingereza, na guka yangu, babu yangu mzaa baba, ndiye alikuwa fundi.

Miaka ya themanini, nikiwa mdogo, guka alikuwa bado anaitunza. Jumamosi tulikuwa tunapaka zile mbao oili chafu ya gari, mpaka githeri ya mchana inanuka gereji. Kila mahali mbao mbili zilikutana kulikuwa na kichwa cha kijiti, mviringo, laini. Guka anakigonga na kidole: "Hii nyumba haina msumari. Vijiti tu ndio vinashika." Shosho, mke wake, anachagua maharagwe hapo kando.

Hiyo maneno niliibeba shule kama bendera. Mwalimu akasema hizo mbao ni urembo tu, nyumba imeshikwa na mawe. Nikamwambia, "Wewe ndio urembo!" Nilichapwa, na nikirudi nyumbani nilikuwa natafuta mtu wa kupigana na yeye njia nzima. Mpaka leo mtu akimsema guka vibaya, sikai hapo.

Sasa jana nikaingia kwa hiyo vumbi, nikaambia msimamizi wao, "Polepole na hizo mbao, mzee. Hazina msumari."

Vijana wake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. "Huyu ametoka wapi?"

"Kuja uone, kijana," msimamizi akasema. Akanionyesha debe. Limejaa misumari, mirefu, imeliwa na kutu. Halafu akanipatia kijiti kimoja. Kifupi kama ncha ya kidole. Hakikushika kitu. Kazi yake ilikuwa kufunika kichwa ya msumari.

Nilitaka kupiga mtu, lakini nani? Guka tulishamzika. Na hicho kijiti kimechongwa vizuri hata upande wa ndani, wenye hakuna mtu angeuona. Hapo watajenga maghorofa, na harufu ya ile oili nitabaki nayo peke yangu.

Nikatia msumari mmoja mfukoni, nikaenda kwa shosho. Nilizunguka nyumba yake mara mbili kabla niingie.

"Wamebomoa?"

"Wamebomoa, shosho."

"Na msumari? Waliona?"

"Hata moja."

Akanimiminia chai. Halafu akaangalia suruali yangu. Ule msumari ulikuwa umetoboa mfuko, ncha inachungulia nje.

"Vua hiyo niishone," akasema. "Suruali za guka wako nilikuwa nashona hapo hapo. Kila wiki, mpaka hiyo nyumba yake ikaisha kujengwa."