Gari Liliponyamaza

Kwa zaidi ya mwaka mzima, kila Jumamosi niliendesha gari kutoka Bukoba hadi Buganguzi kumwangalia mama yangu, na kila Jumamosi gari lilinililia njia nzima. Ukikanyaga mafuta, ngo! Halafu gu-gu-gu-gu chini ya miguu, mpaka mlima uishe. Ni gari kuukuu la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, chuma kitupu, aliloniachia marehemu mume wangu. Yeye akaenda kupumzika, mimi akaniachia gari. Kuna siku nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Gari hilo ndilo lililomweka Mama kwake. Mgongo wake hauwezi pikipiki, na kliniki yake iko Muleba mjini. Wadogo zangu wanaoishi Mwanza na Dar es Salaam walishakubaliana kwenye simu: gari likifa, Mama anahamia kwangu Bukoba, mjadala umefungwa. Mama akasema yeye kwenye kibanja chake hatoki, kama wamemchoka waje wamzike humohumo migombani, pembeni ya Baba. Mimi nikamtetea. Jamani, niliwaambia, mama yenu bado imara. Kila nikifika namkuta amesimama mlangoni, kitenge kimefungwa vizuri, anacheka. Mnataka nini tena? Akishanisalimu alinituma kisimani, nikirudi nikamkuta ameketi; siku ya kliniki alinishika bega mpaka garini, nami nikasema ni mgongo tu.

Basi nikawa nahangaika na kelele.

Washauri sikuwakosa. Ukishaacha lami kupanda kwetu, gari halipandi tupu. Mpite mtu wa kijijini kwenu amesimama na mzigo wake uone. Sifa zako mbaya zitafika kabla yako. Kwa hiyo nilipakia wote: wanakwaya, mwalimu na magodoro yake, bibi na mbuzi wake, mifuko ya saruji ya mtu nisiyemjua. Na kila aliyepanda alikuwa fundi. "Hiyo difu, mama." "Difu gani? Hiyo beringi ya gurudumu." Katekista yeye aliniambia niliombee. Loo, nilichoka! Nilitamani apatikane mtu mmoja tu wa kupanda na kunyamaza.

Fundi wangu yuko Bukoba, huku chini karibu na ziwa, ambako barabara ni tambarare kama meza. Nilimpelekea gari limeoshwa, sina mzigo, niko peke yangu. Alikuwa analizungusha mpaka ufukweni, anarudi, anazima.

"Mama, gari halina kitu."

"Halina kitu? Kwa hiyo mimi nina wazimu?"

Kwa kuniridhisha akabadilisha mafuta ya difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Mara nyingine akabadilisha beringi za mbele, akakaza hiki na kile. Jumamosi ikifika, ngo! Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamfokea mbele ya wateja wake: "Panda nalo Buganguzi na watu tisa ndani na saruji juu, ndipo uniambie halina kitu!"

Akaacha kufuta mikono.

"Watu tisa?"

"Sasa ningewaacha barabarani?"

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Mama, wewe umekuwa ukiniletea mgonjwa siku ambazo haumwi. Na mimi mtu wa Muleba kabisa, nisiulize gari linapandaje kwetu!"

Akaita kila aliyekuwa karibu: wachomea vyuma, wapaka rangi, mama wa chai na birika lake. Wakajaa, gari likakaa chini nyuma, tukaanza kupanda kilima cha kutokea mjini. Gu-gu-gu-gu. Fundi akaachia mafuta, kelele ikakoma. Akakanyaga, ikarudi. Akaniambia taratibu huku anasikiliza: difu ingelia hata ukiachia mafuta, beringi ya gurudumu ingebadilisha sauti kwenye kona. Hii inalia pale gari linapovuta mzigo tu. Ni krosi, kile kiungo kinachoshika propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Gari likiwa tupu kinatulia. Likibeba watu, propela inakaa upande na kiungo kinagonga.

Alipokitoa, ndani hamkuwa na grisi hata ya dawa, ni unga mwekundu wa kutu. Akafunga kipya, akawapakia tena watu walewale. Tukapanda kimya. Wakapiga makofi.

Mimi sikufurahi. Nasema wazi. Kila mtu alinipa pongezi, na mimi nilikuwa nafikiria kwamba gari sasa limepata uhai mwingine, na barabara ile bado ni yangu peke yangu. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Jumamosi iliyofuata nikapanda kama kawaida. Abiria walikosa kelele ya kubishania, wakashuka mmoja mmoja, nikaingia migombani kwa Mama taratibu.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Mama alikuwa uani, kati ya mibuni na jiko, anatambaa. Mbele yake kulikuwa na ndoo ndogo ya maji. Anaisukuma kidogo, anatambaa, anaisukuma tena. Magotini alikuwa amejifunga matambara mazito, yamekazwa kwa nyuzi za mgomba, safi kabisa, kazi ya mtu anayejifunga hivyo kila asubuhi.

Aliona matairi kwanza, kisha akaniona mimi.

"Mbona hukupiga honi?"

Aliniuliza kwa hasira, kama nimemfungulia mlango wa bafu. Hapo ndipo nikaelewa. Ile gu-gu-gu ilikuwa inatangulia kupanda mlima, inampa nafasi ya kufungua matambara, kunawa, kufunga kitenge na kushika mwimo wa mlango mpaka asimame. Mwaka mzima niliwaapia wadogo zangu kuwa Mama ni imara, kumbe nilikuwa nawasimulia dakika zile chache tu.

Nikamkimbilia kumwinua. Akanipiga mkono.

"Usiniguse. Rudi barabarani. Piga honi, halafu uje."

"Mama..."

"Nimesema rudi."

Nikarudi. Nalia, lakini nikarudi. Nikafika mpaka barabarani, nikapiga honi ndefu, nikazima injini na kukaa pale nimelalia usukani, nikimpa muda mrefu kuliko alioomba.

Nilipoingia tena alikuwa mlangoni, amesimama, kitenge kimefungwa vizuri, anacheka. Mkono mmoja ulikuwa nyuma yake, umeng'ang'ania mwimo.

Nikapiga goti kumsalimu kama tunavyosalimia mama zetu, na kabla sijainuka nikamwambia, "Mama, leo tunaondoka wote."

Hakubisha. Kwa mara ya kwanza akaniomba nimletee kiti.