Mtende Uliotoka Ndooni

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa sasa nasahau hata nilikoweka miwani. Ni siku baba mkwe wangu alipoinua panga juu ya mizizi ya mtende wa mama yangu, na mimi nikiwa mke mpya ambaye hata sauti yangu ilikuwa haijazoeleka pale nyumbani.

Umenitumia picha ya mtende ulioupanda mbele ya nyumba yenu huko Sombetini. Majani yameanza kukauka ncha, nawe umeniuliza ufanye nini. Ningeweza kukujibu kwa maneno mawili nikarudi kwenye chai yangu, lakini mzee akiulizwa swali fupi hujibu kwa hadithi ndefu. Basi kaa vizuri unisikilize.

Bibi yako mzaa mama alikuwa mwalimu huko Moshi, wa kuhamishwahamishwa. Hakuishi kwenye nyumba yake mwenyewe mpaka alipostaafu, na alikuwa na msemo wake kwamba nyumba ya watu haipandwi mti. Kwa hiyo mtende wake aliulea ndooni. Nauita mtende kwa kuwa ndivyo tulivyouita sisi. Ni hii ya mapambo kama wako, haizai tende wala nazi, kazi yake kupendeza tu. Kila mama alipohamishwa, mtende ulipanda gari pamoja na vitanda na kuku. Zamani ilikuwa miwili. Mmoja ulikufa baada ya jirani kumsaidia kuuhamishia chombo kikubwa, akaikata mizizi ili uingie vizuri. Tangu hapo mama hakuruhusu kisu kifike karibu na huo uliobaki.

Nilipoolewa na baba yako, Mmeru wa huku juu ya Makumira, wenzangu walipewa na mama zao masufuria na mablanketi. Mimi nikapewa mtende. Mama alisema, "Wewe umepata ardhi. Upeleke na huu ukaipate. Nitakuja kuuona siku mtakapobatiza mtoto wenu wa kwanza." Mtoto mwenyewe hakuwa hata ameanza kufikiriwa, lakini mwalimu ni mtu wa kupanga mambo mapema.

Nilielewa alichokuwa anasema. Mama hakufurahia niolewe mbali, kwa watu ambao lugha yao haijui, na alikuwa muungwana mno kunizuia. Siku akija hangeniuliza kama napendwa ama nateswa, maana mama mzazi haulizi hivyo mbele ya wakwe. Angeutazama mti. Ukiwa hai, angelala usingizi. Ukiwa umekufa, angerudi Moshi na mzigo moyoni, na mimi nisingekuwa na maneno ya kuutua. Ndiyo maana nilikuwa nauogopea mtende ule kuliko nilivyojiogopea mwenyewe.

Ulikaa barazani mpaka mvua za masika zilipokaribia. Wakati huo nilikuwa nimeshashika mimba ya kaka yako. Asubuhi moja baba mkwe akatangaza, "Leo ule mti wa mke wa mwanangu unashuka ardhini." Alisema kwa upendo kabisa. Wazee wenzake wawili walikuwa wamepita kusalimia, wakabaki kuona.

Sasa ni lazima nikueleze jambo moja kuhusu babu yako, maana hukumkuta. Alikuwa bingwa wa migomba. Watu walitoka hata huko Maji ya Chai kuja kumwomba machipukizi. Na mgomba unavyohamishwa unajua: unaling'oa chipukizi, unaichonga mizizi yote kwa panga mpaka tunguu, lile bonge la chini, linabaki jeupe, unachimba shimo refu, unajaza samadi, unalifukia mpaka shingoni. Baada ya hapo unafungulia maji ya mfereji na kwenda zako. Mgomba hauna kinyongo. Huota mizizi mingine na kukusahau kosa lako. Babu yako aliishi na migomba tangu utotoni, na mtu aliyeishi hivyo huona kila kilicho kijani kuwa ni ndugu wa mgomba.

Basi aliilaza ndoo, akaipasua, akaivua kama mtu anavyomvua mtoto koti. Mizizi ilitoka ikiwa na umbo la ndoo kamili, imezungukana, imebanana, udongo wenyewe huuoni. Wazee wakashangaa. Babu yako akasema, "Hii ilikuwa jela." Akachukua panga.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini habari ya mti hawakuitaja. Ningefanya nini? Mke mpya hampingi baba mkwe, tena mbele ya wageni wake. Nikimwita kwa sauti nimemvunjia heshima, nikinyamaza mtende umekwisha. Miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye mpaka wa shamba, kwenye masale. Unayajua, yale majani marefu yanayopandwa mpakani. Kwetu Uchagani, jani la sale likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu ni ombi zito. Hata waliogombana kwa miaka hulipokea. Wameru nao wanalijua. Nikakata moja, nikalifunga fundo, nikaenda nikapiga magoti pale kwenye udongo, na tumbo langu lile, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Panga likabaki juu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenisaidia. Alikuwa akipepeta maharage pembeni, wala hakusimama. "Mzee," alisema, "mkwe wako anakuomba."

"Ananiomba nini? Tumekosana?"

"Mizizi hiyo. Mama yake alikataza isikatwe. Huyu mkweo aliniambia tangu alipoolewa hapa."

Wazee wakacheka, mmoja akasema tangu azaliwe hajaona sale ya kuombea mti. Babu yako hakucheka. Alilipokea lile jani, akaliweka kwenye mfuko wa shati, akanikabidhi jembe. "Sale haikataliwi," alisema. "Haya, upande unavyojua wewe." Kisha akawaongoza wenzake kwenda kuangalia kahawa.

Niliupanda kama mama alivyonifundisha, na hivi ndivyo ulivyotakiwa kuupanda wako. Kwanza niliuchovya kwenye maji yaliyojaa karai mpaka mapovu yakaacha kutoka. Mizizi ya nje iliyojizungusha niliilegeza kwa vidole tu, sikuichana. Shimo nililipanua kwa upana, lakini kina chake kikawa kile kile cha ndoo, ili shina likae usawa uliokuwa mwanzo. Mtende ukifukiwa shingo huoza polepole huku wewe unadhani unanawiri. Samadi sikuweka. Mti mgeni ni sawa na mtu aliyetoka safari ndefu, humpi pilau kabla hajanawa uso.

Nikadhani nimemaliza. Zamu yetu ya mfereji ilipofika nilielekeza maji pale mpaka ardhi ikawa tope. Mvua nazo zikaanza. Na katikati ya maji yote hayo, mtende ukaanza kukauka. Ncha kwanza, halafu jani zima, halafu la pili. Niliogopa kumwambia baba mkwe, kwa kuwa niliona nimeshamwaibisha mara moja. Niliogopa kumwambia mume wangu, angemwambia baba yake. Mama mkwe akiniuliza hali yangu nasema nzuri, akiniuliza mtende nasema unaendelea. Kila asubuhi babu yako alipita pale akienda kukata majani ya ng'ombe. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akajibu "Marahaba," akautupia mti jicho na kwenda zake. Nililia sana wiki zile, mwanangu, nikiwa peke yangu bandani kwa ng'ombe.

Asubuhi moja hakupita. Alisimama, akavunja kijiti cha mkahawa, akakichoma kwenye tope pembeni mwa mti. Kikazama kama kisu kwenye ugali. Akakitoa, akakichoma karibu na shina, palipo na lile bonge la mizizi ya ndooni. Kikagoma. Akachimba kwa kidole.

"Njoo uguse hapa," akaniita.

Nikagusa. Udongo wa ndani ulikuwa vumbi. Maji yote ya mfereji na ya mbingu yalikuwa yakiteremka pembeni. Ile mizizi ilikuwa imebanana mno kiasi kwamba hayakupata pa kuingilia. Nilishangaa. Ulikuwa umesimama ndani ya tope huku unakufa kwa kiu.

Baba mkwe hakuniangalia aliposema, alikuwa akiangalia kidole chake. "Siku ile ulipata nguvu ya kunipigia magoti na sale mbele ya wazee. Leo mti huo huo unakauka na mdomo umeufunga. Kwa nini?"

"Baba, ulisema niupande ninavyojua."

"Nilisema uupande. Sikusema ufe nao." Akakifuta kidole kwenye shati. "Mimi sijui mitende. Ungeniambia nisingejua, lakini tungekuwa wawili tusiojua. Mficha uchi hazai, binti yangu."

Hakuwa amewahi kuniita binti yake. Aliniita bibi harusi, aliniita mke wa mwanangu, lakini binti yangu ilikuwa mara ya kwanza. Nililia pale pale mbele yake, naye akajifanya anatafuta jembe.

Alitengeneza kisahani cha udongo kuzunguka shina, kidogo, upana wa lile bonge tu, chenye ukingo wa kuzuia maji yasikimbie. Akatoboa tundu dogo chini ya kopo la mafuta ya kupikia, akalijaza, akaliweka juu ya mizizi lidondoshe taratibu. Haraka haraka haina baraka, hata kwa maji. Akatandaza majani makavu ya migomba juu ya udongo, akayaweka mbali kidogo na shina. Nikataka kuondoa yale makuti yaliyokuwa nusu kijani kwa kuwa yalinikera, akanizuia: mti mgonjwa bado unayala. Na tangu siku ile, kila asubuhi kabla hajaenda kwenye migomba yake, babu yako alijaza lile kopo mwenyewe. Sikumwomba.

Ulikaa muda mrefu bila kuonyesha chochote, na hapo ndipo vijana wengi huharibu. Wanauvuta kuona kama umeshika, wanamwaga mbolea, wanauhamisha tena. Wetu tuliuacha. Kaka yako akazaliwa, na wakati natoka uzazi nikaona katikati ya mtende kitu chembamba, kijani kibichi, kimesimama kama sindano kubwa. Likafunguka jani zima. Hapo ndipo tukaanza kuupa samadi kidogo kidogo.

Mama alikuja siku ya ubatizo. Alishuka garini, akasalimiana na wakwe, akambeba mjukuu, na akiwa bado na mtoto mkononi akaenda moja kwa moja kwenye mtende. Akalishika lile jani jipya. Akalitazama kopo.

"Nani anaumwagilia?" akauliza.

"Baba," nikasema.

"Baba yupi?"

"Baba mkwe. Kila asubuhi, mwenyewe."

Mama akaitikia kwa kichwa. Alikaa kwetu siku kadhaa na hakuniuliza tena swali lolote kuhusu ndoa yangu, hata tulipokuwa wawili tu. Siku ya kuondoka aliimba garini, baba yako ndiye aliyeniambia, maana ndiye aliyempeleka stendi.

Basi, mwanangu, jibu lako ni hilo. Choma kijiti karibu na shina, usichome pembeni. Nina hakika utakuta pakavu, hata kama huwa unamwagilia uwanja mzima. Tengeneza kisahani, dondosha maji polepole, usikate kuti lenye ukijani, usitie mbolea mpaka utakapoliona jani jipya la katikati. Huko kwenu kuna upepo na vumbi; uegemeze kwa miti mitatu na kamba laini, usiupigilie msumari. Kisha subiri.

Lakini mti nimeshamaliza. Tangu uhamie huko umeniandikia mara nyingi, na kila mara habari ni za mtende, za geti, za rangi ya ukuta. Nikikuuliza hali yako unasema nzuri, mama, tunaendelea. Neno hilo nalijua, niliwahi kulisema. Mtu anaweza kuwa amezungukwa na wakwe wema, mume mwema, nyumba mpya, na lisimfikie hata tone. Hilo si kosa lako wala si lao, ni mizizi tu iliyobanwa muda mrefu na bado haijajifungua. Ila asiyesema hawezi kusaidiwa. Kuna mtu humo ndani anapita mbele yako kila asubuhi akikutupia jicho, anangoja tu umwambie. Mwambie. Na kama huyo hayupo, mimi nipo, na basi la kuja Makumira halijawahi kukosekana.

Mungu wa baba zako na wa mama zako akupe mizizi hapo ulipo. Akupe watu wa kukuuliza mara ya pili ukishajibu nzuri. Usinijibu kwa picha ya mti. Nipigie.