Ngazi Zinazoshuka Zenyewe

Upepo moto unapanda kutoka kituo cha treni za chini ya ardhi hapa London, nao unanuka grisi. Ovaroli ya baba ilinuka hivyohivyo.

Baba alikuwa fundi wa injini za reli, na kazi ilimpeleka London kwa mafunzo. Mimi nikatangazia mtaa wetu mzima wa Kaloleni kwamba baba yangu hupanda treni inayopita chini ya nyumba za watu. Aliporudi, majirani walijaa sebuleni, vikombe vya chai mkononi.

"Hebu tuambie, huko chini kukoje?"

"Sijui," baba akasema. "Nilikuwa natembea, ama napanda basi. Ngazi zao zinashuka zenyewe, zinakupeleka ardhini. Mtu haendi ardhini kwa miguu yake mwenyewe."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. "Fundi wa treni anaogopa treni!" Wenzangu walikuwa wamejazana dirishani, wote wananitazama mimi. Nilijificha nyuma ya pazia, nikitamani angedanganya tu.

Sasa ngazi zinashuka mbele yangu, na mguu umekataa kuinuka. Watu wanatupita. Binti yangu ananivuta mkono.

"Mama, hebu tushuke," ananong'ona. "Watu wanatuangalia."