Mjomba Alivyojisingizia Ushujaa

Mjomba wangu ni mwoga, na nasema hivi kwa mapenzi yote. Ni mtu anayemwamkia mlinzi wa getini kwake mara mbili, asije akaona amedharauliwa. Kazini yuko Idara ya Maji, dirisha la malalamiko. Unafika, unaeleza bomba lako halijatoa tone tangu mwezi wa tatu, yeye anaandika, anagonga muhuri wa "Limepokelewa", halafu anakupa pole ya dhati kabisa. Maji hupewi.

Sasa mtu huyohuyo, akirudi nyumbani, anaandika tamthilia. Nyuma ya fomu za malalamiko zilizoharibika, maana serikali haipotezi kitu. Ya mwaka huu ilikuwa ya mwandishi anayeitwa na Mkubwa wa mji na kuambiwa abadilishe mchezo wake, au atajuta. Mwandishi wa kwenye karatasi anakataa kata kata. Kifua mbele, maneno ya moto. Tulipoisoma nyumbani tuliangaliana tukaulizana huyo jamaa, Mjomba kamtoa wapi.

Ili kikundi kipewe ukumbi wa manispaa, Afisa Utamaduni lazima asome kwanza. Akasoma. Akamwita Mjomba ofisini, akamkaribisha chai, na ukiona afisa anakukaribisha chai ujue kuna mtu anaumia. Akamwambia mchezo ni mzuri mno, ila huyu Mkubwa anazindua bomba kavu huku watu wanapiga makofi, na Mheshimiwa wetu naye, kwa bahati mbaya tu, alizindua bomba mwaka jana. Kisha akauliza kwa upole kama Mjomba bado anaipenda kazi yake ya dirishani.

Mwandishi wa kwenye karatasi alibishana na Mkubwa kurasa kumi na mbili. Mwandishi wetu wa damu na nyama alikubali kabla chai haijapoa. Akasema, "Kata tu mzee, mimi sina neno." Afisa akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya sentensi kumi na moja za kuondolewa, akagonga muhuri, akasema nakala ataipeleka mwenyewe kwa kikundi. Kesho yake Mjomba akatumwa wiki nzima vijiji vya mbali kusoma mita. Bahati mbaya nyingine hiyo. Huko mtandao hakuna, na sidhani alihuzunika sana.

Kikundi kinaongozwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi cherehani mwenye sauti ya kusimamisha lori. Kwake yeye, miaka yote, mstari mwekundu una kazi moja: hapo mwigizaji anapaza, mpaka aliyekaa kiti cha mwisho kabisa asikie. Alipoletewa nakala ina muhuri na mistari kumi na moja, alifurahi sana. Akawaambia waigizaji kwamba safari hii hata ofisi imesaidia kuongoza. Wakafanya mazoezi wiki nzima, koo zikakauka.

Siku ya onyesho Mjomba alifika na vumbi lake la vijijini, akawekwa mstari wa mbele karibu na Afisa. Sentensi ya kwanza iliyokatwa ikatoka jukwaani kwa nguvu ya spika za mkutano: "Mnapigia makofi bomba kavu, na kiu mnarudi nayo nyumbani!" Afisa akageuka kumtazama Mjomba. Mjomba akatazama viatu vyake. Ilipofika ya nne, ukumbi mzima ulikuwa umesimama, na kuna mama alikuwa akiirudia kila sentensi kama anaapishwa. Nilimwona Mjomba anainua kichwa taratibu. Miaka kumi na tisa watu wanamwambia yeye kwamba maji hakuna. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maneno yake kuwarudia wao, wakayapokea bila muhuri.

Asubuhi yake aliitwa tena. Safari hii chai hakuna. Afisa, ambaye naye alikuwa anaogopa kupoteza kiti chake, alikuwa na njia nzuri ya kuwaokoa wote wawili. Fomu tayari, kuna mstari wa kujaza nani aliagiza maneno yale yasemwe. Andika ni makosa ya waigizaji, akamwambia, urudi dirishani kwako tuendelee na maisha. Na cha kuchekesha, huo ndio ulikuwa ukweli mtupu, haukuhitaji hata kupambwa.

Mjomba akaandika jina lake mwenyewe.

Barua ya kumsimamisha kazi ilifika kabla ya saa sita. Malalamiko ya maji huwa yanachukua miaka, lakini hii ilikimbia. Shemeji yake akaja mbio, sindano bado zimechomekwa kwenye blauzi, amefura. Akamwambia, "Shemeji, wewe una wazimu? Kosa langu, ungesema ukweli tu."

"Ukweli upi sasa? Kwamba nilikubali wayakate?"

Shemeji akaketi, akaanza kuchomoa sindano moja moja. Mkewe Mjomba alilalamika wiki nzima, kwa haki kabisa, kwamba kaolewa na karani akaamka na shujaa asiye na mshahara. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole.

Siku hizi yuko nyumbani mchana kutwa, anaandika. Mlinzi wa getini bado anaamkiwa mara mbili.