Siku Shangazi Alipokubali Mialiko Yote

Shangazi yangu alikuwa katibu muhtasi shuleni kwa miaka mingi, na alipostaafu alibaki na tabia moja ya kazini: hafuti barua. Hata ile ya mtu asiyemjua anayemwambia ameshinda gari, anaitunza. "Mtu amekaa, ameandika," huniambia. "Wewe nani umfute?"

Kompyuta yake ya mezani, iliyotumia Windows, ilizeeka hadi akawa anaiwasha, anaenda kumwagilia mboga, anarudi ndiyo inamaliza kufunguka. Mimi nafundisha kompyuta sekondari hapa Sumbawanga mjini, kwa hiyo likizo ya Juni nilimpelekea laptop ya mtumba niliyoiwekea Linux, kwa kuwa ni nyepesi.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuletea mashine."

"Marahaba, baba. Na barua zangu zinakuja, au zinabaki?"

Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Barua zake zilikaa ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye programu ya barua pepe, maana mtandao wa kwake unakuja na kuondoka. Nikamweleza kwamba barua, paswedi na kurasa zote alizohifadhi kwenye kivinjari zimo kwenye folda mbili zilizofichwa, na kazi yangu ni kuzinakili kwenye flashi na kuziweka mahali pake kule Linux.

"Zimefichwa na nani?"

"Na kompyuta."

"Inanificha vitu vyangu mwenyewe?" Akavuta kigoda, akakaa nyuma yangu kulinda.

Kivinjari kilihama salama. Tulipokifungua kila kitu kilikuwepo: redio ya kanisa, dawa ya mdondo wa kuku, namna ya kufuma kofia. Shangazi akapiga kigelegele, jirani akachungulia kuuliza nani anaolewa.

Hapo nikajiona fundi. Kwenye folda ya barua nikaanza kuchambua vifaili kama mtu anayepeta ulezi: hiki kikubwa, kije, hiki kidogo, jina lake halieleweki, kibaki. Kifaili kimojawapo nilichokiacha ndicho kilichokuwa kinakumbuka barua zipi zimeshapokelewa. Nakala za barua zote za zamani zilikuwa bado kwenye seva, na programu, ikijikuta haikumbuki kitu, ikaanza kuzipokea upya kana kwamba zimeandikwa asubuhi ile.

Zingejirudia tu, yangeisha. Lakini mwaka uliotangulia, alipolalamika kwamba macho yanamsumbua, nilikuwa nimemwekea kanuni, ambayo nayo ilihama na folda ile: barua yoyote yenye neno "mwaliko" kwenye kichwa chake ijibiwe yenyewe. Maneno alitunga yeye: "Nimepokea kwa furaha kubwa. Nitafika. Naomba kitanda kisichokuwa karibu na jogoo."

Tulikuwa tunakunywa chai. Laptop ikawa inalia ting, ting, ting.

"Imefurahi," alisema shangazi.

Simu ya kwanza ilitoka Mpui. Mzee mmoja, kwa heshima zote, aliuliza shangazi anakuja harusi gani, maana mtoto wa harusi ile yuko darasa la pili. Ya pili ilikuwa ya binti: "Shangazi, mimi na yule tuliachana. Au umesikia anaoa tena?" Ya tatu ilikuwa ya padre mstaafu, akieleza kwamba jubilei yake imepita ila kitanda kipo.

Nikachomoa modemu. Nikiwa nimeishika mkononi kama panya niliyemnasa, nikaungama.

"Umenikubalia mialiko mingapi?"

Nikahesabu. "Sitini na miwili."

"Baba," akasema polepole, "mimi nina magauni mawili."

Simu ya nne aliipokea, akaweka kikombe chini. Aliyepiga alikuwa mwenzake waliyepiga chapa naye ofisi moja, ambaye baadaye alihamia Wampembe akajenga. Miaka minne nyuma alimwalika kwenye baraka ya nyumba. Shangazi alikuwa amevunjika mguu. Akasema atajibu kesho, kesho ikawa mwezi, aibu ikakua, na hakujibu kabisa.

Sauti ya kwenye simu ilinifikia hata mimi: "Miaka minne, mwenzangu! Nilidhani nimekukosea. Kumbe ulikuwa unatafuta kitanda!"

Shangazi akanitazama. Nikajua sasa atanitaja.

"Ndiyo, dada," akasema. "Nilikuwa nafikiria habari ya jogoo."

"Nimeshamhamishia kwa jirani. Njoo!"

Kwanza nililipia dhambi. Siku mbili niliandika barua za kuomba radhi kwa wale wengine sitini na mmoja, moja moja, shangazi akiwa nyuma yangu anasahihisha nukta. Kisha tukateremka Wampembe, kule ziwani, mimi nikiwa mbeba mizigo.

Wale wawili walipoonana hawakusalimiana. Walitazamana wakaanza kubishana nani amenenepa, huku wameshikana mikono, na nikaona shangazi anafuta macho kwa kanga. Kisha akataka aonyeshwe nyumba. Akaingia chumba kimoja kimoja akisali, hata jikoni, hata chooni, kwa sababu, alisema, baraka ya kwanza ilipita yeye hayupo na huenda ilikuwa na mapengo.

Nilikwenda nikijua tutalala siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nitangulie, yeye hajamaliza kuongea. Nikarudi peke yangu na ndoo ya samaki, migebuka waliokaushwa, na tulipopanda huku juu abiria wenzangu walifungua madirisha yote, baridi ya Juni iingie itakavyo.