Dakika Kumi za Pikipiki ya Maji

Pikipiki ya maji niliipata kwa mbuzi watatu, baiskeli moja na maneno mengi. Ilikuwa imelala Nyangwe, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Bosi aliyekuja na mashine za kunyonya mchanga wa dhahabu alikuwa amepanga kwake, akaondoka bila kuaga, akaiacha hapo badala ya kodi. Mama yule alikuwa anafugia kuku juu ya kiti chake. Nilianza na mbuzi mmoja. Akasema mbuzi mmoja hatoshi hata kuwaomba kuku msamaha.

Tulipokubaliana nilihesabu boliti zote zinazoonekana kwa nje, kisha nikahesabu tena: thelathini na moja. Kuku walikuwa sita, lakini hao hawakuingia katika mapatano.

«Papa, hii kitu haina hata magurudumu,» mama aliniambia, tayari ameshika kamba za mbuzi. «Unaenda nayo wapi?»

«Mutoni, mama.»

«Basi utaiacha huko.»

Alikaribia kusema kweli. Mashine ilikuwa ya zamani, ya watu wawili kukaa mmoja nyuma ya mwenziwe, na ugonjwa wake ulikuwa na nidhamu. Inawaka vizuri, inakimbia vizuri, watoto ng'amboni wanapiga kelele, kisha baada ya dakika kumi inapunguza sauti, inakohoa mara mbili na kuzima. Ukingoja kidogo, inawaka tena kama haikufanya kitu. Nilipima kwa saa ya simu yangu na kwa saa ya shemeji yangu. Dakika kumi kwa zote mbili.

Nilimwita fundi wa pikipiki, ambaye gereji yake ni turubai moja na sanduku la spana kando ya barabara ya Kasongo. Alizunguka ile mashine bila kuigusa, mikono nyuma, kama mutu anayeangalia ng'ombe wa mwenziwe.

«Patron, hii imezaliwa na pikipiki na pirogi ya kuvulia samaki,» alisema. «Upande wa pikipiki ninaujua. Ule mwingine tutaomba Mungu.»

Alitoa buji, ile plagi ya kuwashia moto, akaangalia cheche. Zilikuwepo, za buluu, zenye afya. «Moto uko,» akasema. «Shida yake ni kunywa. Esansi haifiki.» Akafuata njia ya esansi, yaani petroli, kutoka tangi, kama mutu anayefuata mfereji shambani kuona maji yamepotelea wapi. Ndani ya filtri, lile chujio, alikuta uji wa kijani. Mipira ya zamani ya kupitishia esansi ilikuwa inayeyuka polepole kutoka ndani, na ule uji ndio ulikuwa unaziba. Tukaitupa mipira yote, tukaweka ya pikipiki. Tukafurahi kwa dakika kumi.

Siku iliyofuata alifungua karburateri. Nilitandika kitambaa cheupe, nikapanga skurubu zake nikizihesabu: kumi na moja, na tena kumi na moja. Alisafisha vitundu kwa mswaki na esansi, akavipuliza kwa mdomo, akatema, akafunga. Juu ya kitambaa ilibaki skurubu moja.

«Hii ni ya wapi?»

«Hiyo ni ya akiba, patron.»

«Karburateri haikuja na akiba. Fungua.»

Akafungua huku ananung'unika kwamba mimi ningekuwa muuguzi, wagonjwa wangekufa wakihesabiwa vidole. Skurubu ilipata mahali pake. Mashine ikawaka, ikakimbia, na baada ya dakika kumi ikazima.

Hapo akili yangu ikaenda kwa mama anayeuza esansi kwenye chupa karibu na soko. Mutu anayeuza kitu cha rangi ya manjano kwenye chupa, mimi huwa namtazama mara mbili. Nilimwambia esansi yake ina maji. Sikumwambia kwa sauti ya chini.

Alisimama, akavuta kitenge chake, akachukua chupa nyeupe ya plastiki, akaijaza mbele yangu na mbele ya wote waliokuwa wanapita. «Maji hukaa chini, sivyo? Keti hapa uyangoje. Ukiyaona, kunywa.»

Niliketi. Nilikaa nusu saa nikiangalia chini ya chupa, na watu wakawa wanakuja kuniangalia mimi. Hakukuwa na tone la maji. Bado nilienda kununua kwa mwingine, mbali zaidi na kwa bei mbaya zaidi, ili nisiwe nimekosea.

Mashine ikakaa hivyo wiki kadhaa. Niliitumia kwa safari fupi za kuangalia nyavu, safari zisizozidi dakika kumi. Kila mara kabla ya kuondoka na kila mara ilipozima, nilifungua kifuniko cha tangi nikatumbukiza kijiti changu cha mwanzi chenye alama za kisu, nikasoma, nikafuta, nikatumbukiza tena. Kifuniko kikifunguka kilikuwa kinalia «fyuuu». Sauti ile iliniudhi kuliko kuzima kwenyewe. Niliona ni mvuke wa esansi unatoka, yaani esansi yangu inakwenda hewani bure.

Kisha ikaja simu ya binti yangu.

Alikuwa amekwenda na mama yake kumzika mukwe wangu, katika kijiji cha ng'ambo, upande mto unakoteremkia. Kesho yake asubuhi alitakiwa kuwa Kasongo, darasani, kwa mutihani wa mwisho wa masomo yake. Mpango ulikuwa apande na balenieri ya wafanyabiashara, ile pirogi kubwa ya mbao yenye motere. Balenieri ilikuwa imekaa juu ya mchanga tangu jana.

«Papa, hawajaitoa. Wanasema labda kesho.»

«Kesho ni mutihani.»

«Papa, hiyo minajua.»

Kushuka hadi kule kwa kasia si kazi. Kupanda ni siku nzima, na siku nzima haikuwepo tena. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimpata mwendesha pikipiki mmoja anayekubali kwenda Kasongo, akasema atangoja hadi saa kumi, si zaidi, sababu njia ina matope na hataki kulala katikati yake. Nilienda kwa mashine. Betri nilikuwa nimeiacha kwa kijana anayechaji simu za watu kwa jua. Nikaichomoa katikati ya simu kumi na nne, nikaifunga mahali pake, nikajaza tangi na bido moja, dumu la akiba.

Kushuka ilizima mara tatu, lakini mto ulikuwa unanibeba, sikujali sana. Binti yangu alikuwa amesimama gatini, karatasi zake za kandida wa mutihani ndani ya sashe, mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, ameifunga shingoni. Mama yake alisimama nyuma yake na kitambaa cha msiba kichwani. Aliangalia mashine, akaniangalia.

«Mutoto akikosa huo mutihani,» alisema, «wewe ubaki huko huko mutoni na pikipiki yako. Mutaoana.»

Tukaondoka saa saba kasoro robo. Kupanda ni jambo lingine. Ikizima unapokwenda juu, mto unakurudisha kule ulikotoka na kukuondolea ulichopata. Mara ya kwanza ilizima karibu na ukingo, tukashika majani, nikafungua kifuniko, nikapima kwa kijiti, nikafunga, ikawaka. Mara ya pili tulishika kichaka cha magugu yanayoelea, nacho kikaamua kushuka pamoja nasi. Nilipiga hesabu. Dakika kumi za kupanda, kisha za kungoja, kisha za kurudishwa nyuma. Nikaipiga tena. Majibu yalikuwa yale yale: tungefika Nyangwe jua limezama, na mwendesha pikipiki yuko kwake anakula.

Sikumwambia. Mgongoni kwangu nilikuwa nasikia ile sashe ya karatasi inavyopanda na kushuka.

Mara ya tatu ilizimia juu ya kilima cha mchanga katikati ya mto. Tukashuka, maji magotini. Nilifungua kifuniko, «fyuuu», nikatoa kijiti.

«Papa, ngoja,» alisema. «Unapima kwa nini? Umetoka kupima.»

«Ili nijue.»

«Hapana. Weka mukono yako hapo wakati inalia. Inatoka ao inaingia?»

Nilifunga kifuniko. Akanilazimisha niwashe mashine pale pale majini, nivute esansi kidogo, na kwa kweli nilimtii sababu sikuwa na wazo jingine. Ilizunguka dakika zake kumi ikaanza kukohoa. Nikazima, akafungua kifuniko kikubwa cha mbele ya mashine. Tangi la plastiki lilikuwa limebonyea mbavu zote mbili, kama shavu la mutu anayenyonya muwa. Nikaweka kiganja kuzunguka mdomo wa tangi na kulegeza kifuniko kidogo. Hewa haikunipiga. Ilinivuta.

«Inaingia,» nilisema, nikakikaza tena.

«Basi haitoki kitu. Hii inatafuta pumzi. Esansi ikitoka, hewa inapaswa kuchukua nafasi yake, ao inabaki utupu, na motere haiwezi kunyonya utupu. Tulisoma darasa la tatu.» Alianza kupapasa juu ya tangi. «Hewa inaingilia wapi hapa? Hiki kitiyo chembamba ni cha nini?» Akakivuta hadi kikaonekana chote. «Papa. Nani alifunga hiki?»

Kitiyo, kile kimpira cha kupitisha hewa, kilikuwa kimefungwa mwishoni kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko minne, mafundo mawili, kazi safi.

«Mimi.»

«Kwa sababu gani?»

«Kilikuwa kinatoa harufu ya esansi. Siku ya kwanza tu. Nikaona kinaniibia.»

«Mizunguko minne?»

«Ilikuwa miwili. Lakini kifuniko kilikuwa kinalia, nikaongeza.»

Alicheka hadi akashika usukani asianguke. Nilijua pale kwamba mashine ilikuwa nzima tangu ilipotoka mikononi mwa fundi. Nilikuwa nimeinyonga kwa mikono yangu, na kila nilipofungua kifuniko kupima nilikuwa nairudishia pumzi bila kujua, kisha naisifu kwa kuwaka.

Fundo halikutaka kufunguka. Nilikuwa nimelifunga ili mwizi asilifungue, nami nilikuwa katika hali ile ile ya mwizi. Binti yangu alitoa kompasi yake ya hesabu, ile ya kuchorea duara, kwenye sashe, akatumbukiza ncha ndani ya fundo, akachokoa. La kwanza likalegea, la pili likakatika. Tangi likatoa sauti moja nzito, «mbup», mbavu zikarudi mahali pake.

Tukapanda. Dakika kumi zikapita. Niliangalia simu yangu. Kumi na tano. Niliona nyumba ya wavuvi, kisha ile gati ya mawe, kisha kuku wa watu ukingoni. Dakika ishirini na mbili, na mashine ilikuwa inaimba sauti ile ile moja, ya kuchosha, tamu. Nilipiga kelele bila neno. Binti yangu alinipiga begani: «Papa, angalia mbele!» Tulikuwa tunaelekea kwenye pirogi ya watu, na watu wale walikuwa wanatutukana kwa Kizimba na kwa Kiswahili, ili tusikose kuelewa.

Tulifika Nyangwe saa tisa na robo. Mwendesha pikipiki alikuwa anapatana na mteja mwingine. Alitaja bei ya kumpeleka binti yangu, bei isiyo na aibu, nami nikalipa pale pale bila kuomba punguzo. Alizigeuza noti akaziangalia juani. Alisema mutu akilipa hivi lazima kuna kasoro.

«Nenda, bwana,» nilimwambia. «Jua linashuka.»

Binti yangu alikaa nyuma, sketi imelowa hadi kiunoni, sashe kifuani kavu kabisa. Alinipa mukono kama mutu mzima. «Papa, usifunge kitu kingine mpaka nirudi.»

Usiku shangazi yake alinipigia kutoka Kasongo kwamba amefika, amekula, amelala. Nililala pia, lakini vibaya. Asubuhi nilikwenda kwa mama wa esansi kununua na kusema nililopaswa kusema. Nilisema mbele ya wateja wake, kwa sauti ile ile ya siku ya chupa, sababu nusu yake isingetosha.

«Mizunguko minne?» aliuliza.

«Minne.»

Alimwita jirani yake aje asikie tena.

Simu yangu ililia nikiwa bado pale, katikati ya kicheko chao. Shangazi alikuwa nje ya ukuta wa shule. Alisema jina limesomwa, ameitika, ameingia, mulango umefungwa. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu jana asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Mama wa esansi alikuwa na bugali na samaki ya kuchoma kwa ajili ya mchana wake. Aliniangalia jinsi nilivyokuwa naiangalia sahani, akaisukuma kwangu, akanivutia na kiti.

«Kula, papa,» alisema. «Hii haina maji.»