Igeuze Kwanza

Mume wangu anaitwa Kipimo, na jina hilo hakupewa na mama yake. Amelipata kwenye uwanja wa gofu, ambako amebeba mikoba ya wachezaji kwa miaka ishirini na sita. Mtu mzima na heshima zake anasimama kwenye majani, anakuna kichwa, anauliza, "Kutoka hapa mpaka shimoni?" Mume wangu anatazama mara moja tu. "Hatua themanini na mbili, bosi. Chukua weji ya hamsini na mbili, na usipige kwa hasira." Akikosea, amekosea kwa hatua moja. Mimi ni dobi wa klabu hiyo hiyo, nafua taulo, kwa hiyo msidhani namsifia mume kwa habari za kusikia.

Weji nazijua kuliko wengi wanaozimiliki. Ni zile fimbo fupi za kupigia ukiwa karibu na shimo. Uso wake umelala, mpira unaruka juu na kutua hapo hapo. Namba iliyochongwa juu yake ni nyuzi za huo mlalo: ikiwa kubwa, mpira unapanda zaidi na hauendi mbali. Watu wananunua kwa namba, wanaishia hapo. Mume wangu huwacheka. "Namba ni jina tu," husema. "Tumbo ndilo tabia."

Tumbo ni sehemu ya chini ya fimbo, inayogusa ardhi. Somo hilo nilipewa jikoni, kwenye sinia la unga. Alipitisha mgongo wa kijiko, kikateleza juu ya unga. Akapitisha kisu, kikazama. "Umeona? Mchanga laini unataka tumbo nene, liteleze. Ardhi ngumu inataka jembamba. Ukichanganya hayo mawili, hata uwe bingwa utachimba kaburi." Unga wenyewe nilikuwa nimeupepeta mara mbili! Nilimfukuza jikoni na sinia lake, lakini somo halikunitoka.

Na alikuwa na sheria moja asiyoivunja. Fimbo ikitoka kwa fundi, igeuze kwanza, utazame tumbo lake, ndipo uipige. Fundi akipitisha tupa kidogo tu, fimbo imeshakuwa nyingine. Aliwahi kumsimamisha daktari mmoja juani, watu wanasubiri nyuma, mpaka alipomaliza kuzigeuza weji zote nne.

Fundi mwenyewe ni mdogo wangu, tumefuatana ziwa moja. Alipokuja kwetu hakuwa na mbele wala nyuma. Mume wangu ndiye aliyemtafutia kazi kwenye karakana ya klabu, akamwonyesha kushika tupa, kubadilisha mpini, kusafisha mifereji ya uso wa fimbo. Mdogo wangu ana maneno matamu huyo! Angemuuzia mwenye kipara kitana, na mwenye kipara angeshukuru. Miaka tisa alikula mezani kwangu.

Mwaka huu klabu ikatangaza nafasi ya mwalimu msaidizi, na kwa mara ya kwanza wafanyakazi wakaruhusiwa kuomba. Sharti, uwe hujafika miaka hamsini. Mume wangu alibakiza wiki tano. Magoti yake yamechoka, ngazi anashuka ubavu. Ilikuwa nafasi ya kuutua mkoba mabegani, na haingerudi tena. Mtihani ulikuwa mmoja: kuitoa mipira kumi kwenye shimo la mchanga, na fimbo unayoanza nayo ndiyo unayomaliza nayo. Mchanga ulikuwa umemwagwa upya wiki ile, laini kama unga wangu. Alipousikia chini ya viatu alicheka peke yake. Weji yake ya hamsini na sita ina tumbo nene kuliko zote pale klabuni.

Siku moja kabla, mdogo wangu akamwambia, "Shemeji, mpini huu umekwisha, utakuteleza. Niachie nikuvishe mpya, kesho ni siku kubwa." Mume wangu akamwachia.

Jioni napita karakana na kapu langu, mdogo wangu akanikabidhi fimbo imeviringishwa taulo, taulo niliyoifua kwa mikono yangu, imefungwa kamba. "Dada, mwambie asiifungue mpaka asubuhi. Gundi ya mpini haijakauka, ikiguswa itahama."

Nikaifikisha. Mume wangu akanyoosha mkono kwenye kamba. Jamani, nikampiga kibao cha mkono! "Achana nayo, fundi kasema isiguswe. Au hunisikii?"

"Nitazame tumbo tu, mama watoto."

"Tumbo la nini? Huyo si fundi wa barabarani, ni shemeji yako!"

Akacheka, akaiegemeza ukutani. Sheria ya miaka ishirini na sita, nikaivunja mimi kwa kibao.

Asubuhi majina yalibandikwa mlangoni. Yalikuwa mawili, la mume wangu na la mdogo wangu. Nikajua sasa kwamba mdogo wangu naye aliomba, kimya kimya. Mume wangu akasema, "Si vibaya, kijana naye anatafuta." Katibu alikuwa tayari anamwita, mume wangu akaifungua taulo huku anatembea, macho kwenye bendera ya shimo.

Mpira wa kwanza, fimbo ikazama mchangani kama jembe. Mpira haukutoka. Wa pili vivyo hivyo. Mimi niko kwenye uzio wa kuanikia, taulo mbichi inanichuruzikia miguuni, nasema ni wasiwasi, atatulia. Baada ya wa tatu akaigeuza fimbo, akatazama tumbo. Akatazama muda mrefu. Kisha akainua macho akanitafuta mimi kwenye uzio.

Akaendelea kupiga mpaka wa kumi. Ilitoka miwili. Katibu akamuuliza kama ana neno. Akasema hana. Mdogo wangu akaingia na fimbo ya tumbo nene, akatoa saba.

Nyumbani nikamuuliza kulikoni. "Nimepiga vibaya," akasema. Nikaichomoa weji mkobani, nikaigeuza. Tumbo lote lilikuwa limekatwa kwa tupa, jeupe, linang'aa, jembamba kama kisu cha jikoni.

"Mbona hukusema pale pale?"

"Ningesema nini? Aliyeikata ni shemeji yangu. Aliyeileta ni mke wangu."

Kesho yake nikamfuata yule mtu karakanani. Sikumsalimu. "Ulikosa mtu mwingine wa kumtuma?"

"Dada, mimi ni damu yako. Shemeji keshazeeka, nafasi ingepotea bure. Na kama ingeletwa na mwingine, si angeifungua? Angeigeuza tu." Akasema hivyo bila hata aibu, kama anayenieleza kazi. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Tangu siku ile hakanyagi kwangu, na taulo zake hazipiti mikononi mwangu.

Mume wangu bado anabeba mikoba. Nilimlilia, nikamwapia kwa wazazi wangu wote wawili kwamba sikujua. Akanishika bega akasema, "Najua, mama watoto. Yaishe." Na ameniridhia kweli, hanisemi, hanifokei, tunacheka kama zamani.

Lakini juzi asubuhi nilimpa kopo lake la chakula cha mchana, nimelifunga kwa kitambaa kama kila siku. Alikuwa anaongea na mtoto kuhusu viatu, hata hakulitazama. Akalipokea, mkono wake ukaligeuza, akapapasa chini, ndipo akalitia mkobani. Hakujua kwamba amefanya hivyo. Mimi nilijua, nikamwambia aende salama.